Sura ya Tisa

"Unasoma nini siku hizi?"
Ndiyo salamu yetu hapa Keko, kwenye banda la Komba,
kabla ya habari za watoto, kabla ya bei ya mbao.
Komba anaunda vitanda. Kitabu chake ni kimoja tu,
mwaka wa pili sasa, kurasa mbili kwa siku gundi ikisubiri kukauka,
na ukurasa akiupenda
utaukuta na alama ya penseli ya kupimia.

Mimi hununua vya mtumba, Posta, kwa Mwakalinga,
anayevitandaza juu ya turubai kama dagaa.
Yeye hasomi. Ananusa. "Hiki, dada, chukua.
Kila aliyekirudisha alikirudisha kimyakimya."
Elfu tatu. Jalada halipo,
jina la mwandishi limeliwa na mende hadi herufi ya nne.

Nilikimaliza kwa usiku mmoja
na asubuhi nikaamka na lile jambo,
mnalijua,
la kutafuta mtu wa kumwambia.

Bi Kidawa alikuwa mwalimu. Nuru ya macho
ilimwishia polepole, kama chaki.
"Usinisimulie," akasema. "Kusimulia
ni kunitafunia muwa ukanipa makapi. Nisomee."

Basi nikarekodi kwa simu, usiku, randa zikishanyamaza,
nimejifunika khanga gubigubi ili kelele zisiingie.
Zikaingia. Sura ya kwanza ina jenereta la baa ya jirani.
Ya tatu ina mvua juu ya bati, nikapaza sauti,
na yule mama wa hadithi, mpole kwenye karatasi,
kwangu akawa mkali.
Ya tano, jogoo wa Komba aliwika saa nane za usiku, mpumbavu,
sikumfuta.

Bi Kidawa akamtumia nduguye Kigamboni,
nduguye akawatumia wauguzi wa zamu ya usiku Temeke,
na siku moja dukani, mama aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa
akanitazama mdomo, si uso.
"Samahani. Ni wewe wa jogoo?"
Ni mimi.
"Mume wangu hasomi hata risiti. Jana kakaa ndani ya bajaji,
nje ya geti, mpaka sura ikaisha."
Sikumtoza ile kopi.

Jumapili Bi Kidawa akaniita.
Chai ya tangawizi. Simu juu ya mto, kama mgonjwa.
"Sura ya nane, watoto wa mama huyu ni watatu.
Ya kumi, anapakua sahani mbili.
Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja.
Huyo mwingine umemweka wapi?"

Nikasema labda faili halikufika.
Akanyamaza, ukimya wa mwalimu
aliyekwisha kuona majibu kurasa za nyuma.
"Ni maji?"

Ni maji.
Anajua. Mtaa mzima unajua mwaka ule Msimbazi ulipopanda Jangwani,
na kaka yangu Shomari alivyorudi ndani kufuata godoro.
Ukurasa wa mia na kumi na mbili niliufunga,
nikaenda kufungulia mbele.

"Sikulazimishi," akasema, akipapasa kikombe.
"Ila ukimkaribisha mtu nyumbani usimfungie chumba.
Hicho ndicho atakachokaa akikiwaza."

Leo Jumatano, saa tano usiku.
Komba amezima taa. Jogoo amemfunika tenga, na sikumwomba.

Nimetoka nje, nikaliondoa tenga.
Nimerudi, nikajifunika khanga, nikabonyeza kitufe chekundu.
"Sura ya tisa," nimesema,
kisha nikangoja kidogo,
kama unavyongoja
mtu wa chumba cha pili aitike.